Damu ya Ijumaa

Vidonge vilikuwa thelathini na nane. Inspekta alivihesabu mara mbili juu ya meza ya chumba cha mahojiano, akivisukuma kimoja kimoja kwa ncha ya kalamu, kisha akavirudisha kwenye kichupa na kukaza kifuniko.

Upande wa pili wa meza alikaa mtuhumiwa: mke wa mtu, mshonaji wa sare za shule, ambaye tangu jana asubuhi alikuwa mahabusu kwa tuhuma za kumlisha sumu mama mkwe wake. Hakuwa analia. Machozi alikwisha yamaliza, yamebaki macho mekundu na kikamasi anachokifuta kwa mgongo wa mkono.

"Kichupa hiki ulikinunua lini?"

"Tarehe tatu, Afande."

"Saa ngapi?"

Yule mwanamke akamtazama kama mtu aliyesikia mzaha msibani. "Jioni, nilipotoka kazini. Saa kumi na moja hivi."

Kituo kizima kilimwita inspekta huyu Saa Ngapi, usoni na kisogoni, na yeye hakuwahi kukasirika. Miaka kumi na tisa ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba mtu anaweza kukudanganya vizuri sana kuhusu alichofanya na kwa nini alikifanya, lakini akija kwenye saa, ulimi unateleza. Basi kila jambo aliliulizia saa, hata watoto wake nyumbani walikuwa wanakoma.

"Vilikuwa sitini. Ulimpa vingapi?"

"Kimoja kila siku, baada ya chakula cha jioni. Ndivyo alivyoandikiwa mwaka juzi alipovunjika mkono. Ni vya mifupa tu, Afande."

"Akalazwa tarehe ishirini na tano, asubuhi."

"Ndiyo."

Siku ishirini na mbili, vidonge ishirini na viwili, vimebaki thelathini na nane. Inspekta aliandika hesabu hiyo na kuipigia mstari.

"Mama mkwe wako ametueleza kwamba unamtilia kitu kwenye maji."

Hapo yule mwanamke ndipo alipoinamisha kichwa. "Anasema maji machungu. Kila maji, Afande, hata yale anayoyakinga mwenyewe bombani. Na anayataka mchana kutwa, kiu yake haikatiki. Mifupa inamuuma, tumbo limefunga, anasahau. Mama alifundisha hesabu miaka thelathini na tano. Mwezi uliopita aliniuliza saba mara nane ni ngapi, nikadhani ananitania. Kumbe alikuwa hajui." Akafuta pua. "Tangu siku ya kwanza niliyoingia nyumba ile aliniita mwanangu. Siku hizi nikimpa kikombe, anageuza uso ukutani. Mnifunge, msinifunge, hilo ndilo linaloniua."

Inspekta alifungua ukurasa mpya wa daftari. Alikuwa amewasikia wauaji wakilia vizuri kuliko huyu. Lakini pia alikuwa na kadi ya zamani ya kliniki mkobani mwake, aliyoikuta jana kwenye droo ya mgonjwa, na kadi ile ilikuwa inamsumbua kama kokoto ndani ya kiatu.

Kwenye korido alikutana na mkuu wa kituo, karatasi mkononi.

"Vidonge vimetimia," Inspekta akasema.

"Na nani kakwambia kichupa kilikuwa kimoja?" Mkuu alimpungia ile karatasi. "Barua ya daktari hii hapa. Kalsiamu kwenye damu iko juu mno, homoni iko chini. Maana yake kalsiamu imetoka nje ya mwili, mtu kamlisha. Binti wa mgonjwa kasema tangu mwanzo, kikulacho ki nguoni mwako. Kesho saa tatu asubuhi jalada liwe kwa mwendesha mashtaka."

"Homoni ni nini, mkuu?"

"Sihitaji kujua. Daktari anajua."

"Mimi nahitaji," Inspekta akasema, akachukua ile karatasi na funguo za gari.

Maabara ya hospitali ilikuwa jengo refu la bati upande wa pili wa uwanja, mbali na wodi. Mkuu wake alikuwa mzee mwembamba aliyebakiza miezi minne kustaafu, koti jeupe, miwani iliyofungwa uzi shingoni. Alimpokea Inspekta kwa uso wa mtu anayejua polisi hawaji kuleta salamu.

"Kama ni lile jambo la mwalimu mstaafu," akasema kabla hajaulizwa, "mashine yangu haikosei. Kila asubuhi naipima kwa maji ya majaribio kabla haijaona damu ya mtu. Daftari lile pale."

"Sijaja kuishtaki mashine, mzee wangu. Nimekuja kusoma. Nifundishe hii karatasi kama unavyomfundisha mtoto wa darasa la nne."

Mzee akalegea kidogo. Walimu na mafundi wana ugonjwa mmoja: ukiwaomba wakufundishe, hasira inawatoka. Akavuta kiti.

"Hapa shingoni, nyuma ya lile tezi kubwa, kuna vitezi vinne, kila kimoja kama punje ya mchele. Kazi yao ni moja tu, kuangalia kalsiamu ya kwenye damu. Ikishuka, vinatoa homoni. Homoni inakwenda mifupani kuchota kalsiamu, na kwenye figo kuizuia isipotee na mkojo. Kalsiamu ikitosha, vinanyamaza."

"Ni walinzi."

"Haya, ni walinzi. Sasa umeingia ghalani umekuta mali imefurika, hujui imetoka wapi. Utamwangalia nani kwanza?"

"Mlinzi."

"Mlinzi. Homoni ikiwa chini, mlinzi katulia, hajachota kitu. Mali imeingia kwa njia nyingine: vidonge kupita kiasi, au ugonjwa wa mahali pengine. Lakini homoni ikiwa juu..."

"Mlinzi ndiye anayebeba."

"Ndiye. Na si lazima iwe juu, sikiliza vizuri hapo. Ghala likifurika, homoni inatakiwa ilale. Ukiikuta iko katikati, kwenye kiwango cha kawaida, watu husema 'hii nzuri' wakageuza ukurasa. Si nzuri. Mlinzi anayeendelea kuchota kama kawaida wakati ghala limejaa, naye ana lake jambo. Ndiyo maana kipimo hiki hakisomwi peke yake. Kinasomwa pamoja na kalsiamu, bega kwa bega."

Inspekta aliweka kidole kwenye karatasi. Kalsiamu: tatu nukta mbili, wakati kiwango hakitakiwi kuvuka mbili nukta sita. Homoni: kumi na moja, wakati cha chini kabisa ni kumi na tano.

"Kwa hiyo mlinzi wa huyu mama amelala."

"Fofofo. Samahani kwa huyo mkamwana, lakini karatasi ndivyo inavyosema."

Inspekta akafungua mkoba, akatoa ile kadi ya kliniki, akailaza kando ya karatasi. Ilikuwa ya miaka mitatu nyuma. Mgonjwa alikuwa ametibiwa mawe kwenye figo, na pembeni ya neno kalsiamu kulikuwa na namba mbili nukta nane na kinyota kidogo ambacho hakuna aliyekijali.

"Mkamwana ameolewa miezi kumi na minne iliyopita," Inspekta akasema. "Nyumba ile hakuwa anaijua hata mlango wake. Basi huyu mlisha sumu alianza kazi kabla hajachumbiwa?"

Mzee alivaa miwani, akaisoma kadi, akaivua, akaivaa tena. "Hii haikai sawa na hii."

"Moja kati yao inasema uongo. Damu ya homoni ilitolewa saa ngapi?"

"Jumatatu, saa mbili na dakika arobaini asubuhi."

"Huo ni muhuri wenu wa kupokea. Mimi nauliza kutolewa."

Mzee alienda kabatini, akarudi na fomu yenyewe. Chini ya jina la kipimo palikuwa na kisanduku cha tarehe na saa ya kutoa damu. Kilikuwa kitupu.

"Huwa hawajazi," akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Na ikichelewa kufika kuna ubaya gani?"

Mzee aliketi tena. Alikuwa anaiangalia ile fomu kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake wazi. "Kalsiamu ni kama chumvi, Afande. Iache mezani siku tatu, ni chumvi ile ile. Homoni ni kama maziwa."

Inspekta alisimama. "Mashine ya homoni inawashwa siku gani?"

"Jumatatu na Alhamisi. Leo naiwasha saa sita kamili. Ikinipita ya leo, mpaka Jumatatu."

Saa yake ilisema saa nne na dakika kumi. Alivuka uwanja kwa hatua ndefu, na askari wa getini aliyemwona alisema baadaye kwamba hajawahi kumwona Saa Ngapi akikaribia kukimbia namna ile.

Wodi ya wanawake ilikuwa na vitanda kumi na sita na sista mmoja, mwanamke mnene, mpole, mwenye viatu vya raba na kalamu tatu mfukoni. Inspekta aliomba daftari la kutoa damu. Sista akalifungua bila wasiwasi, kidole chake kikateremka kwenye mistari.

"Mwalimu... huyu hapa. Nilimtoa mimi mwenyewe. Ijumaa, saa tisa na robo alasiri."

"Ijumaa."

"Ijumaa, Afande. Daktari aliomba siku hiyo."

"Maabara wameipokea Jumatatu asubuhi. Tangu Ijumaa ilikuwa wapi?"

Sista aligeuka kutazama ukuta nyuma yake, na Inspekta akatazama alikotazama. Palibandikwa karatasi iliyopauka, imeandikwa kwa mkono: TREI HAIENDI NUSU. Chini yake, kwenye rafu pembeni ya dirisha, kulikuwa na trei ya chuma yenye matundu ishirini ya kuwekea vichupa. Matundu saba yalikuwa na damu.

"Sista mkuu wa zamani ndiye aliyeiweka hiyo," akasema taratibu. "Wodi nne tuna mhudumu mmoja wa kupeleka. Alikuwa anachoka kwenda na kurudi kwa vichupa viwili viwili, ikaonekana trei ijae kwanza. Ijumaa ilikuwa nusu. Jumamosi na Jumapili hatutoi damu, ila ya dharura. Jumatatu ikajaa, ikaenda."

Inspekta aliweka kiganja kwenye rafu. Ilikuwa saa nne na nusu tu na bati la rafu lilikwisha pata moto. Alasiri, jua likija upande huu, pangeweza kukaushwa samaki.

"Sikujua kama inaharibika," Sista akasema. Akaishika trei kwa mikono miwili. "Ya sukari tunajua, ya makohozi tunajua. Hii ya homoni tunaitoa labda mara mbili kwa mwaka. Mungu wangu, nimemfunga mtoto wa watu."

"Hujamfunga wewe. Tumemfunga sisi, kwa kufuli letu," Inspekta akasema. "Wewe nisaidie kumfungua. Daktari yuko wapi?"

Daktari alikuwa kitanda cha tisa. Alisikiliza amesimama, akaomba kuiona kadi ya zamani, akaomba kuliona daftari, halafu akafumba macho sekunde mbili hivi.

"Kwenye barua niliandika 'yafaa kuchunguza kama kuna chanzo cha nje,'" akasema. "Binti yake akasoma 'imethibitishwa.' Kituo chenu nacho kikasoma hivyo hivyo."

"Mkuu wangu anasoma haraka. Tunaweza kurudia?"

"Tunarudia sasa hivi."

Mgonjwa alikuwa kitanda cha mwisho, chupa ya maji ya mshipa ikining'inia juu yake. Siku nane za maji hayo zilikuwa zimemrudishia nuru kidogo machoni. Kando yake alikaa binti yake, mwanamke wa mikunjo ya uso na kilemba kilichokazwa, kikombe mkononi. Tangu jana mama alikuwa hanywi maji mpaka binti aonje kwanza.

"Mnamtoa damu ya nini tena?" binti akauliza. "Si mmeshajua? Mtu anakula na kulala kwetu, kumbe..."

"Ya kuhakikisha," Inspekta akasema. "Ukiwa na haki, itakuongezea haki."

Mzee wa maabara alikuja mwenyewe, koti lake likipepea, amebeba kikasha cha barafu kwa mikono miwili. Alisimama nyuma ya Sista kama msimamizi wa mtihani. "Yenye kifuniko cha zambarau ni ya homoni, ina dawa ya kuihifadhi. Nyekundu ni ya kalsiamu. Usimimine ya zambarau kwenye nyekundu hata tone, ile dawa inaila kalsiamu, tutapata uongo wa pili." Sista alitoa damu kwa mkono uliotulia kabisa. Akaandika saa kwenye kila kichupa, akaandika kwenye fomu, na kile kisanduku akakijaza kwa herufi kubwa kama mtoto anayejifunza kuandika jina lake: SAA TANO NA DAKIKA TANO.

Inspekta alikibeba kikasha mwenyewe. Ushahidi haupokezanwi ovyo. Uwanja wote alikuwa na mzee ubavuni. Saa tano na dakika kumi na mbili muhuri ukagonga karatasi.

Kisha ikabaki kungoja, na kungoja ndiyo sehemu ya kazi ambayo hakuna anayekusimulia unapojiunga na polisi. Alikaa kwenye benchi nje ya maabara. Alipitia maelezo yote upya, akahesabu tena ishirini na mbili na thelathini na nane. Alijiambia kwamba homoni ikitoka chini tena, mwanamke yule wa sare za shule ataingia mahakamani na yeye Saa Ngapi atakuwa amempeleka. Alijikuta anaomba isiwe hivyo, na hilo halimo kwenye kanuni za upelelezi.

Saa nane kasorobo mlango ulifunguliwa. Mzee alisimama pale na karatasi, miwani iko kwenye paji la uso.

"Kalsiamu mbili nukta tisa. Maji ya mshipa yameishusha kidogo, lakini bado iko juu." Akaishusha miwani puani kwanza, mzee yule alijua kusimulia. "Homoni mia moja thelathini na nane."

"Na mwisho wake ni..."

"Sitini na tano. Mlinzi hajalala hata kidogo, Afande. Anabeba magunia."

Inspekta aliisoma namba ile mara tatu. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kazini: akamkumbatia mzee wa watu, miwani ikaanguka, ikabaki inabembea kwenye uzi.

Alimpigia simu mkuu wa kituo palepale.

"Hakuna sumu, mkuu. Kuna mwizi."

"Umemkamata?"

"Daktari atamkamata. Anaishi shingoni mwa mgonjwa, na miaka mitatu anakomba mifupa yake."

"Sasa huyo," mkuu akasema, "pingu tutamfunga wapi?"

"Pingu zenu zina mtu tayari. Mfungulieni, nakuja kumchukua mwenyewe."

Saa kumi na robo waliingia wodini pamoja. Mkamwana alikuwa amenawa uso kwenye bomba la kituo na kujaribu kuinyosha kwa viganja nguo aliyolala nayo. Mlangoni akasita. Inspekta hakumsukuma, alimngojea.

Daktari alikuwa amekwisha kuwaeleza mama na binti. Alirudia kwa ufupi: kimoja kati ya vile vitezi vinne huenda kimevimba, hakisikii tena amri. Kalsiamu ikizidi, kiu, uchungu mdomoni, maumivu ya mifupa, tumbo kufunga, usahaulifu, yote hufuatana nayo. Vile vidonge vya mifupa visimame kwanza. Watampiga picha ya shingo kukitafuta, kisha daktari wa upasuaji atakitoa. "Si upasuaji wa kutisha," akasema, "na wengi wakitolewa, akili inarudi, nguvu zinarudi. Tumechelewa, lakini hatujachelewa sana."

Binti alikuwa amesimama, kikombe bado mkononi, hajui akiweke wapi. Alimtazama mke wa kaka yake, akatazama sakafu.

"Wifi," akasema. "Mimi nilikuwa naogopa. Nilimwona mama anazimika, nikatafuta wa kumshika. Nilisema kikulacho ki nguoni mwako."

"Methali hukuikosea," Inspekta akasema. "Ulikosea nguo tu."

Mkamwana hakucheka, wala hakusema nimekusamehe. Mambo hayo yangengoja siku yao. Alichukua jagi kwenye meza ndogo, akachukua kikombe kutoka mkononi mwa wifi yake, akamimina. Maji kidogo yakamwagika kwenye shuka. Binti, kwa mazoea ya tangu jana, akanyoosha mkono ayaonje.

"Acha," mama akasema kutoka kitandani.

Alikipokea kikombe mwenyewe, kwa mikono yake miwili ya chaki na vitabu, mmoja umepinda pale ulipovunjika. Akamtazama mkamwana wake muda mrefu kama mwalimu anayesahihisha kazi yake mwenyewe. Akanywa, hakuacha hata tone.

Inspekta alitazama saa ya ukutani, akafungua daftari lake, akaandika: Saa kumi na dakika ishirini na tano. Mgonjwa amekunywa maji.

"Bado machungu," mama akasema, na kurudisha kikombe. "Niongeze, mwanangu."